Shajara ya mradi: tairi lilike kwa kazi, si kwa hesabu ya mizunguko

Toleo 0.1: mshiko kwanza

Sehemu ya matairi ya simuleta yangu, programu inayoiga uendeshaji wa gari la mbio, inaandikwa upya kuanzia sifuri. Iliyokuwapo ilitumia njia ya mkato inayojulikana katika michezo mingi ya mbio: kila mzunguko ukikamilika, tairi linapunguziwa asilimia kadhaa ya mshiko. Uendeshe kwa upole au userereke kila kona, matairi yanafika kipara kwa wakati mmoja. Kwa mchezo wa kupitishia jioni hiyo inatosha. Kwa simuleta haitoshi, maana inamnyima dereva swali kubwa la mbio ndefu: nilitumie wapi tairi langu, na wapi nilionee huruma? Ninachotaka ni tairi linalolika kwa kazi lililofanya, na kazi hiyo ihesabiwe papo kwa papo kutokana na nguvu na mtelezo uleule unaoendesha gari.

Kwa hiyo lazima mshiko uwe sawa kabla ya kugusa uchakavu. Nimechukua fomula ya Hans Pacejka wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, ile iliyochapishwa mwaka 1987 pamoja na wahandisi wa Volvo:

F = D · sin(C · arctan(Bx − E(Bx − arctan(Bx))))

Hapa x ni pembe ya mtelezo, yaani tofauti kati ya upande tairi linakotazama na upande linakokwenda kweli. D ni kilele cha nguvu, B ni ukakamavu wa mwanzo, C ni umbo la mchoro, na E ni mkunjo wake karibu na kilele. Fomula haijali kwa nini raba inashika lami. Inachora tu jibu la tairi, lakini inalichora vizuri kiasi kwamba hadi leo ni vigumu kupata mahali pazuri zaidi pa kuanzia. Nimeweka C = 1.3, E = 0 na B = 25 pembe ikiwa kwa radiani, na kilele kinaangukia kwenye digrii 6 hivi.

C ndiyo niliyoichezea sana. E ikiwa sifuri, tairi lililoserereka hadi mwisho hubaki na sehemu ya kilele inayolingana na sin(C × 90°). Kwa C ya 1.3 hiyo ni asilimia 89. Kwa C ya 1.65 ni asilimia 52 tu, na gari la namna hiyo mkia ukishatoka hauurudishi. Wapo wanaoamini kuwa simuleta ikiwa ngumu ndiyo ya kweli. Mimi siwaungi mkono. Raba juu ya lami kavu haiachii mara moja kama barafu, na dereva mzuri huonekana akiteleza kidogo karibu kila kona bila kupotea.

Jambo la pili ni mzigo. Ukiongeza mzigo juu ya tairi, mshiko unaongezeka, ila si kwa kiwango kilekile cha mzigo. Gari langu la majaribio lina kilo zipatazo 1,200, kwa hiyo kila gurudumu linabeba nyutoni 3,000 gari likiwa limesimama. Nimeweka kizio cha msuguano (mshiko ukigawanywa kwa mzigo) kuwa 1.6 kwa mzigo huo, kikipungua kwa 0.05 kila mzigo unapoongezeka nyutoni 1,000. Kwenye kona, tairi la nje linafika 5,000 na la ndani linashuka hadi 1,000. Kabla ya kona yale mawili yangeweza kutoa jumla ya nyutoni 9,600. Kwenye kona la nje linatoa 7,500 na la ndani 1,700, jumla 9,200. Nyutoni 400 zimepotea kwa sababu tu uzito umehama. Ndiyo maana kukaza springi au baa ya mbele (fimbo inayozuia gari kuinamia upande) kunalifanya gari likatae kuingia kona: unahamishia mzigo zaidi kwenye tairi moja la mbele, na jozi nzima ya mbele inapungukiwa. Hakuna mstari wa programu unaosema "baa ngumu, pua itoke nje". Limetokea lenyewe, na hiyo ni dalili njema.

Toleo 0.2: hatua za hesabu

Hili ni fupi. Tairi halijibu usukani papo hapo. Linahitaji kubingirika umbali fulani ndipo nguvu ya pembeni ijae. Nimeuweka umbali huo kuwa sentimita 40. Ukiendesha hesabu kwa hezi 60, yaani hatua 60 kwa sekunde, sawa na picha za skrini, gari linalokwenda mita 40 kwa sekunde linasogea sentimita 67 kwa kila hatua, zaidi ya umbali wa tairi kujibu. Nguvu inaanza kuyumba huku na huku, na kasi ikizidi mita 48 kwa sekunde hesabu inalipuka kabisa. Matairi sasa yanahesabiwa kwa hezi 1,000, ambapo kila hatua ni sentimita 4. Picha zibaki kwenye 60, haziyahusu matairi.

Umbali huohuo umenitatulia tatizo la gari lililosimama. Mtelezo wa kuongeza mwendo na wa breki hupatikana kwa kugawanya kwa kasi ya gari, na kasi ikiwa sifuri mgao hauna jibu. Badala ya kugawanya, mtelezo unafuatishwa polepole kulingana na umbali uliobingirika, na gari sasa linaegeshwa mlimani likatulia bila kutetemeka.

Toleo 0.3: joto

Hapa ndipo mradi wenyewe ulipo, na hapa nimekaa muda mrefu kuliko pengine popote.

Chukua lile tairi la nje lenye mzigo wa nyutoni 5,000, gari likikata kona kwa mita 40 kwa sekunde. Kwenye kilele, digrii 6, tairi linatoa nyutoni 7,500. Uso wake unateleza kando kwa kasi ya 40 × sin 6°, yaani mita 4.2 kwa sekunde. Zidisha nguvu kwa kasi hiyo: kilowati 31. Hilo ni joto la tairi moja, kona moja, bila breki wala mafuta.

Sasa dereva huyohuyo arudi nyuma hadi digrii 3. Kwa mujibu wa fomula anabaki na asilimia 93 ya kilele, ila mtelezo umepungua kwa nusu. Joto linashuka hadi kilowati 14.6. Na yule anayelazimisha usukani hadi digrii 10? Ana asilimia 98 ya kilele, kwa hiyo hapati chochote cha ziada, na anachoma kilowati 51.

Namba hizo tatu nimeziandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya skrini. Mshiko ni karibu uleule katika zote, joto linapishana zaidi ya mara tatu. Uhodari wote wa kutunza matairi umo humo. Dereva mpole hapotezi asilimia 50 ya kasi ili aokoe asilimia 50 ya tairi. Anapoteza kidogo sana, kwa sababu juu ya kilele mchoro ni tambarare. Simuleta yenye kilele chembamba kama ncha ya sindano inaua jambo hili, kwani dereva akirudi nyuma kidogo tu anapoteza kila kitu. Nikirudi kwenye ule ubishi wa simuleta ngumu, hii ndiyo sababu yangu kubwa.

Joto hilo linakwenda wapi? Nimeligawa nusu kwa nusu kati ya tairi na lami, mgao ambao nitaurekebisha baadaye. Upande wa tairi nimetenga tabaka nne: uso wa milimita 2, kiini cha raba na nyuzi, hewa ya ndani, na rimu. Uso wenye upana wa sentimita 28 na mzingo wa mita 2 una raba ya kilo 1.2 hivi, na unahitaji kilojuli 2.3 kupanda nyuzijoto moja. Kwa kona ya sekunde 3, bila kuhesabu upoaji, dereva wa digrii 6 anaupandisha uso kwa nyuzijoto 20. Wa digrii 3 anaupandisha 10. Wa digrii 10 anaupandisha 33, halafu anatoka konani akilalamika kwamba nyuma inateleza.

Raba inapitisha joto kwa shida, na jambo hilo ndilo linalofanya tabaka ziwe na maana. Uso unapanda na kushuka ndani ya kona moja na mnyoosho mmoja. Kiini kinajongea taratibu kwa mizunguko kadhaa. Kwa hiyo kuna matairi mawili ndani ya tairi moja. Ukiunguza uso kwa kona moja mbaya, unapata nafuu kwenye mnyoosho unaofuata. Ukipandisha kiini, huna nafuu mpaka upunguze mwendo kwa mizunguko. Toleo lenye tabaka moja lilimpa dereva adhabu moja tu, ama fupi mno ama ndefu mno kulingana na namba niliyoiweka.

Mshiko kwa joto nimeuweka kama jedwali, kwa utaratibu ambao mtu yeyote aliyefungua faili za magari ya Assetto Corsa, simuleta ya mbio ya mwaka 2014, ataufahamu: jedwali moja la joto, jingine la uchakavu. Kilele kiko kwenye nyuzijoto 90, kama inavyotarajiwa kwa tairi la mbio lisilo na mifereji. Chini yake raba inakakamaa na haijipenyezi kwenye vinundu vya lami. Juu yake inalainika kupita kiasi na kukatika. Mteremko wa upande wa baridi nimeufanya mpole na wa upande wa joto mkali kidogo. Huo ni uamuzi wangu na nitautetea: dereva aliyetoka tu kubadilisha matairi anapaswa kuteseka kwa kona chache bila kuonekana anaendesha juu ya sabuni.

Upepo wa tairi ulikuja karibu bure. Hewa imefungiwa, kwa hiyo shinikizo lake halisi linapanda sambamba na joto kutoka sifuri kamili (nyuzijoto −273). Ukijaza baa 1.5 (baa hapa ni kipimo cha shinikizo) kwenye geji hewa ikiwa nyuzijoto 20, shinikizo kamili ni 2.5. Ikifika nyuzijoto 90 linakuwa 3.1, na geji inasoma 2.1. Nilipounganisha hilo na ukubwa wa sehemu inayogusa lami, mfumo ulianza kutoa tabia ambayo mafundi wa mbio wanaijua: ukijaza sana asubuhi, kufikia katikati ya mbio tairi linakanyagia katikati tu, ukanda wa katikati unapata moto kuliko kingo, na mshiko unashuka. Uso umegawanywa kanda tatu kwa ajili hiyo.

Toleo 0.4: kulika

Baada ya joto, uchakavu umekuwa kazi ndogo. Sheria ya Archard ya mwaka 1953 inasema kiasi kinacholika kinalingana na mzigo mara umbali wa kuteleza, ukigawa kwa ugumu wa kitu. Mzigo mara kizio cha msuguano mara umbali ndiyo nishati ya msuguano, na hiyo tayari ninayo kutoka kwenye hesabu ya joto. Kwa hiyo mstari ni mmoja: raba inayoondoka = K × nishati × kizidishi cha joto.

K nimeipata kwa kuhesabu kinyumenyume. Nimeamua tairi lenye milimita 3 za kulika, ambazo ni kilo 1.85 za raba, liishe baada ya megajuli 40 za kazi likiwa ndani ya joto lake zuri. Inatoka miligramu 46 kwa kila kilojuli. Ile kona ya sekunde 3 inamgharimu dereva wa digrii 3 gramu 2 za raba, wa digrii 6 gramu 4 na kidogo, wa digrii 10 gramu 7. Hakuna mahali popote programu inapouliza ni mzunguko wa ngapi.

(Mbio halisi nazo zimewahi kuhesabu mizunguko. Mwaka 2023 kwenye mbio za Formula 1 kule Qatar, FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, iliamuru seti moja ya matairi isizidi mizunguko 18. Ila sababu haikuwa raba kulika. Kingo za njia zilikuwa zinaumiza ukuta wa tairi kwa ndani. Uharibifu wa aina hiyo mfumo wangu hauujui kabisa kwa sasa.)

Kizidishi cha joto ndicho chenye utamu. Tairi likiwa na uso wa moto juu ya kiini baridi, raba ya juu inachanika na kujikunja vijisongo badala ya kulika sawasawa. Dereva anahisi anaendesha juu ya chembechembe. Nimeiweka kama hali inayojijenga na kujifuta: tofauti ya joto kati ya uso na kiini ikizidi kiwango, vijisongo vinaongezeka na mshiko unashuka; dereva akitulia na kiini kikapata moto, vinasagika na mshiko unarudi. Mwenye papara huongeza usukani anaposikia pua inatoka nje, na vijisongo vinazidi. Malengelenge, yanayotokea kiini kinapochemka, bado sijayaweka.

Kuna tokeo moja ambalo sikuliandika popote na limenifurahisha. Tairi linavyolika, raba inayobaki ni kidogo, kwa hiyo inashika joto haraka na kulipoteza haraka. Kwenye kona ndefu zinazofuatana tairi jembamba linapita nyuzijoto 90 mapema. Kwenye njia yenye minyoosho mirefu linafika kwenye breki likiwa baridi, na gurudumu la mbele linafunga kirahisi, yaani linaacha kuzunguka huku gari likiendelea. Tairi lilelile na uchakavu uleule, lakini njia mbili zinatoa malalamiko mawili tofauti.

Toleo 0.5: bapa

Gurudumu likifunga kwenye breki, hesabu ya wastani haifai tena, maana kazi yote inaangukia kipande kimoja cha mzingo. Nimegawa tairi vipande 36, kila kimoja digrii 10. Tuseme mzigo ni nyutoni 4,000 na msuguano wa kuserereka ni 1.2, kasi mita 40 kwa sekunde: kilowati 192 juu ya eneo la sentimita 28 kwa 15. Milimita ya juu ya eneo hilo ina gramu 46 tu za raba. Hata robo ya joto hilo ikiingia kwenye tairi, uso unapanda kwa zaidi ya nyuzijoto 500 kwa sekunde. Moshi hauhitaji maelezo mengine.

Gurudumu likianza kuzunguka tena, bapa, yaani mahali paliposagika pakawa tambarare, linagonga lami kila gurudumu linapozunguka, mara 20 kwa sekunde kwenye mwendo huo, na mshindo huo ninaupeleka kwenye usukani na kwenye springi pia. Tatizo la kweli ni kwamba dereva akifunga tena, gurudumu linapenda kusimamia palepale penye bapa, kwa kuwa hapo nusu-kipenyo ni kifupi. Bapa linazaa bapa. Kwenye mbio za Formula 1 za Nürburgring, Ujerumani, mwaka 2005, msimu ambao matairi hayakuruhusiwa kubadilishwa katikati ya mbio isipokuwa kwa dharura, Kimi Räikkönen aliongoza hadi mzunguko wa mwisho akiwa na bapa kwenye tairi la mbele kulia. Mtikisiko ukavunja nguzo za gurudumu, na Fernando Alonso akashinda. Mfumo wangu hauvunji nguzo. Unatikisa usukani hadi mikono ife ganzi, na nadhani hiyo inatosha kumfundisha mtu.

Toleo 0.6: mikono ijue kabla ya macho

Kwa sasa nimeondoa asilimia za uchakavu kwenye skrini ya dereva. Ziko kwenye ukurasa wa fundi tu. Habari ipitie usukani. Nguvu ya pembeni haifanyi kazi katikati kabisa ya mguso wa tairi bali nyuma yake kidogo, ndiyo maana usukani hupenda kujirudisha. Pembe ya mtelezo ikikua, sehemu ya nyuma ya mguso inaanza kuteleza, umbali huo unafupika, na uzito wa usukani unafika kilele mapema, karibu digrii 3 au 4, kabla ya mshiko kufika digrii 6. Usukani unaanza kuwa mwepesi wakati gari bado lina akiba. Mwenye masikio mikononi anapunguza hapo.

Tairi likilika, raba fupi haipindi sana, ukakamavu unaongezeka, na kilele kinasogea kwenye pembe ndogo. Nimeifanya B ipande kidogo uchakavu unapoongezeka, na D ishuke taratibu mpaka robo ya mwisho ya raba, ambapo inaporomoka. Tofauti ni ndogo kwa namba lakini mikono inaisikia: tairi jipya linajibu kwa ulegevu kidogo na kukuonya kwa mapana, lililolika linajibu haraka na onyo lake ni jembamba.

Kinachofuata ni njia yenyewe. Raba inayotoka kwenye matairi lazima iende mahali: sehemu inayopitwa na wote ipakwe raba na kupata mshiko, na pembeni yake yajikusanye makombo yanayonata kwenye tairi la anayetoka mstarini. Gramu ninazo tayari kutoka toleo 0.4, kwa kila gurudumu na kila mita ya njia. Nitaanza na gridi ya nusu mita kwa nusu mita, nione kama kumbukumbu ya kompyuta itavumilia magari 20.